Mkopo chechefu wenye rehani ya nyumba unauzwa bei gani? Tupige hesabu, tuache asilimia za vijiweni

Msaga Hesabu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mwingine humu kuna jamaa alieleza kwamba SACCOS yao ina mikopo kadhaa ya nyumba imelala, na kuna mtu wa mjini amewajia na ofa: nawapa asilimia 30 ya deni, mnanikabidhi mafaili, tunaachana kwa amani. Bodi imegawanyika. Wengine wanaona wameokota, wengine wanaona wanaporwa. Wachangiaji wakajaza kurasa, huyu anasema 30 ni haki, yule 50, mwingine akasema Marekani wanalipa 60. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumba zenyewe ziko wapi.

Nimefanya kazi kitengo cha ukusanyaji madeni, baadaye nikakaa upande wa pili nikimshauri mnunuzi. Naandika nilichokiona pande zote mbili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Tuelewane kwanza kinachouzwa. Mkopo ukipitiliza siku 90 bila marejesho, kwa taratibu za Benki Kuu unahesabika chechefu. Mkopeshaji anaweza kuendelea kumfuata mdaiwa, anaweza kupiga nyumba mnada, au anaweza kuuza deni lenyewe. Akiuza deni, haki ya kudai na rehani vinahamia kwa mnunuzi, naye ndiye anayerithi mapambano. Nyumba bado ni ya mdaiwa. Sasa hapa ndipo watu wanapojikwaa: deni likiwa milioni 60 na nyumba ina thamani ya milioni 150, aliyenunua deni hawezi kula 150. Atachukua deni lake, riba na gharama halali, kinachobaki kinarudi kwa mwenye nyumba. Deni likiwa milioni 200 na nyumba ni ileile ya 150, hata ukiandika adhabu mpaka karatasi iishe, nyumba haitatoa zaidi ya ilichonacho. Kwa hiyo dari ya hesabu yako ni kile kilicho kidogo kati ya deni na nyumba. Ndiyo maana asilimia ya deni pekee haikuambii kitu. Riba inaongezeka kwenye vitabu kila mwezi, ukuta wa nyumba uko palepale.

Bei inatafutwa kwa kurudi nyuma. Unaanza na siku ambayo pesa itaingia mkononi, unauliza itakuwa kiasi gani, unatoa gharama za kufika siku hiyo, halafu unarudi mpaka leo ukikata kila mwaka wa kusubiri.

Nichukue mfano wa kutunga, nyumba ya vyumba vinne Goba, hapa Dar. Deni la msingi lililobaki milioni 140, pamoja na riba na adhabu linasoma 188. Ripoti ya mthamini wakati wa kukopa ilisema 210. Hiyo 210 iwekeni pembeni kabisa. Ilikuwa bei ya soko ya wakati ule, imeandikwa kwa ajili ya kupata mkopo, na kila mtu chumbani alitaka iwe kubwa. Mnachohitaji ni thamani ya kuuza kwa haraka leo, na njia ya kuipata ni kumlipa mthamini aliyesajiliwa ambaye hakufanya ile ya kwanza, halafu kuilinganisha na nyumba zilizouzika kweli mitaa ile. Msichukue bei zilizobandikwa mitandaoni, hizo ni ndoto za wauzaji. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua nani kauza na kwa kiasi gani, kwa sababu mauziano mengi yanapita mezani kwake. Tuseme inakuja milioni 150.

Gharama: dalali wa mnada milioni 7.5, wakili 8, kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa na madeni mengine ya kiwanja 2.5, tathmini mpya na matangazo 2, ulinzi na ukarabati kidogo 4. Jumla 24. Kinachobaki ni 126.

Sasa muda, ambao ndio mlaji mkubwa kuliko hao wote. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 kama ilivyorekebishwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, mkopeshaji aliyeshika rehani anaweza kuuza bila kwenda mahakamani. Anatoa notisi ya siku 60 ya kumtaka mdaiwa arekebishe, zikiisha anaendelea, na mnada wa ardhi unahitaji tangazo la angalau siku 14. Kwenye karatasi ni miezi michache. Mjini hapa haiendi hivyo. Mdaiwa anakwenda kuomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha mnada, anasimamia vigezo vile vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, kwamba kuna jambo la msingi la kusikilizwa, kwamba ataumia pasipo fidia, kwamba yeye ndiye atakayepata hasara kubwa zaidi, na akipewa zuio la muda umeingia kwenye kalenda ya mahakama. Huko hata wakili wako hajui utatoka lini.

Kwa hiyo ninagawa njia nne:

Ya kwanza, mnakaa na mdaiwa, anauza mwenyewe au ndugu wanamkomboa. Inapatikana 130, gharama 6, mkononi 124 baada ya miezi 9.
Ya pili, mnada unapita bila kesi. 126 baada ya mwaka mmoja na nusu.
Ya tatu, kesi ya zuio. Gharama zinaongezeka milioni 15, mkononi 111, baada ya miaka 4.
Ya nne, rehani inaangushwa mahakamani, yaani inaonekana batili. Unabaki kumfukuzia mdaiwa kama mdaiwa wa kawaida, tuseme milioni 10 baada ya miaka 4.

Mnunuzi anataka faida ya asilimia ngapi kwa mwaka? Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa inatoa kuponi ya asilimia 15.95 kabla haijashushwa 2022, na mtu alikuwa anaipata amelala. Huwezi kumwomba apambane na mawakili na mbwa wa watu kwa asilimia 18. Niliokutana nao wanaanzia 30. Kukata ni rahisi: kila mwaka unagawanya kwa 1.3. Kwa miezi tisa gawanya kwa 1.217, kwa mwaka na nusu 1.482, kwa miaka minne 2.856.

Njia ya kwanza inakuwa milioni 101.9 ya leo. Ya pili 85. Ya tatu 38.9, hebu iangalieni hiyo tena, 111 imebaki 38.9 na hakuna aliyeiba. Ya nne 3.5.

Halafu uwezekano. Kwa faili la kawaida naweka asilimia 30, 35, 25 na 10 kwa mpangilio huo. Zidisha, jumlisha: inakuja kama milioni 70.

Hiyo 70 ni asilimia 37 ya deni lote, asilimia 50 ya deni la msingi, asilimia 47 ya thamani ya kuuza haraka. Mnaona kwa nini ubishi wa kule ulikuwa hauishi? Kila mtu anaweza kuwa sahihi kutegemea anagawanya kwa nini.

Nakuja kuendelea, nipate chai.

Kiroboto wa Posta

Mkuu umeandika vizuri ila hizo asilimia za uwezekano umezitoa wapi? Naona kama umezipanga ili jibu litoke zuri.

Msaga Hesabu

Swali zuri. Zinatoka kwenye faili, na ndiyo sehemu ambayo mnunuzi mjanja anashinda.

Naanza na hati. Kuna hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 na rehani imesajiliwa kwa Msajili wa Hati? Sawa, una kitu. Kuna leseni ya makazi? Nguvu yake ni ndogo na wanunuzi mnadani ni wachache. Kuna mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa tu, umekaa kwenye kabati la SACCOS na muhuri wa mwenyekiti? Wakuu, hilo msiliite rehani mbele ya mnunuzi. Hesabu ya njia ya pili inafutika karibu yote, mnabaki na ya kwanza na ya nne. Nimeona mikopo ya namna hii imewekwa kapu moja na yenye hati, na mnunuzi akaipa bei yote kama vile haina hati. Alikuwa na haki yake.

Cha pili, ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka ridhaa ya mke au mume kwa nyumba ya familia, na kinamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujiridhisha kama mkopaji ana mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inailinda nyumba ya ndoa. Mjini kuna wanaume wengi ambao siku ya kukopa huwa hawajaoa, na siku ya mnada wana mke na watoto watano wamesimama mlangoni. Kiapo cha "mimi sina mke" kipo kwenye faili, lakini je, kuna dalili kwamba afisa mikopo alifika nyumbani akauliza majirani? Kama kuna taarifa ya ziara yenye tarehe na majina, njia ya nne inashuka sana. Kama hakuna, ipandisheni.

Cha tatu, notisi. Ilitolewa kwa namna gani, alisaini nani, ilipelekwa anwani ipi? Notisi yenye kasoro maana yake mnunuzi anaanza upya siku 60.

Cha nne ni nani anaishi ndani. Mwenye nyumba mwenyewe na wazazi wake wazee? Wapangaji waliolipa kodi ya miezi sita? Nyumba tupu inayochomolewa mabati? Na kama ukutani kwa mbele kumeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, ujue familia ina mgogoro wake wenyewe kabla yako, na uwezekano wa njia ya tatu unapanda sana.

Halafu eneo. Waliokuwa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa hifadhi ya barabara ni nini. Nyumba ya thamani ya mamilioni iliondoka kwa alama ya X. Bonde la Msimbazi hivyohivyo. Ufukweni na kandokando ya mito kuna zile mita 60 za kutojengwa za Sheria ya Mazingira ya 2004. Nendeni mkaikague nyumba wakati wa masika. Januari kila nyumba Dar ni kavu.

Nani anajua bei ya faili? Ni aliyelisoma lote. Asilimia za mfano wangu ni za faili la kati, si safi si chafu.

MamaSinza

Kaka Msaga, mimi ni mjumbe wa bodi ya hiyo SACCOS (naomba tusiitaje). Tuna mikopo minne. Nimefuata hesabu yako na kweli imenifungua. Lakini mbona sisi tukiikata kwa asilimia 16 kwa mwaka, ambayo ndiyo tunayowalipa wanaotukopesha, inakuja 84? Kwa nini tuuze 70 kitu ambacho kwetu ni 84? Mwenyekiti wetu amesimamia hapohapo.

Msaga Hesabu

Dada, umepiga sahihi. Na mwenyekiti wenu ana hoja, ila amejipa sifa ambazo pengine hana, samahani kusema.

Hiyo 84 inachukulia kwamba ninyi mtaifuatilia kama mnunuzi: miezi tisa mmeshapatana na mdaiwa, mwaka na nusu mnada umepita. Sasa jiulizeni. Mkopo umekufa lini, na tangu siku hiyo ni nani alikwenda Goba? Mdaiwa ni mwanachama mwenzenu, pengine alikuwa kwenye kamati ya harusi ya mtu wa bodi. Wakili wenu analipwa kwa kesi au kwa mwezi? Mkichukua uhalisia wenu, mathalani nafasi ya kupatana asilimia 10, mnada kupita bila kesi asilimia 40 lakini kwa miaka 3, kesi asilimia 40, rehani kuanguka 10, mkakata kwa 16 yenu ileile, inakuja milioni 68 na nukta. Hapo 70 ya mnunuzi ni nzuri kuliko kukaa nayo.

Lakini kama mna afisa mmoja mkali na wakili anayeamka, basi mwenyekiti yuko sahihi, msiuze. Hesabu ni moja, inabadilika kutokana na nani ameshika faili. Pigeni zote mbili kabla ya kikao, muandike, kila mjumbe aone. Hiyo ya kwenu ndiyo bei ya chini msiyoshuka. Ya mnunuzi ndiyo ya juu asiyoweza kupanda. Zikipishana vibaya, yaani yenu ikiwa juu kuliko yake, hakuna biashara, na hakuna haja ya kugombana.

Ofa ya 30 ya deni kwenye mfano wangu ni milioni 56.4. Hata mnunuzi anayetaka asilimia 40 kwa mwaka anafika 63. Kwa hiyo huyo bwana ameacha nafasi ya kupandishwa, au ameona kitu kwenye mafaili yenu ambacho ninyi hamjaona. Muulizeni amefikaje. Akikataa kueleza, mnajua anavuta kamba. Akieleza, mmepata ukaguzi wa bure.

Mgosi wa Kimara

Ila mkuu kuna hili la Marekani. Mimi hufuatilia wale jamaa wa huko wanaouza noti za mortgeji, yaani madeni ya nyumba, wanasema mikopo mibovu inauzwa kwa makapu mtandaoni, bei ni asilimia ya salio. Kwa nini huko inawezekana?

Msaga Hesabu

Kwao hesabu ni hiihii, ila imepigwa mara nyingi sana hivyo wanaweza kusema kwa asilimia na wakaelewana. Na hata huko asilimia haisafiri kutoka jimbo moja kwenda jingine. Texas nyumba inaweza kuuzwa bila mahakama, na minada inafanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. New York lazima upitie mahakamani na inaweza kuchukua miaka. Nyumba mbili za thamani sawa, madeni sawa, noti ya Texas itapata bei nzuri zaidi, kwa sababu ileile iliyofanya 111 yetu ikawa 38.9. Kodi ya majengo ya kule inalipwa kabla ya rehani, kwa hiyo mnunuzi anaitoa kwanza. Mdaiwa akijificha kwenye Sura ya 13 ya sheria yao ya kufilisika, anapata mpango wa kulipa wa miaka mitatu hadi mitano, na bei inakatwa kwa huo muda pia.

Yale mashirika makubwa ya mikopo ya nyumba ya huko, Freddie Mac walianza kuuza mikopo ya aina hii 2014, Fannie Mae 2015, na waliweka sharti kwamba mnunuzi ajaribu kwanza kumpunguzia mdaiwa mzigo kabla ya kumtoa ndani. Hilo mimi nalipenda, na si kwa huruma tu. Rudini kwenye njia nne zangu: ya kupatana ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ingawa pesa yake ni pungufu kuliko ya mnada. Mnunuzi anayekuja na dalali siku ya kwanza ananunua njia ya tatu kwa hiari yake.

Huku Afrika, Nigeria waliunda AMCON, shirika la serikali, mwaka 2010 kununua mikopo mibovu ya mabenki. Hiyo ni serikali kusafisha mabenki, bei yake inapangwa kwa mambo mengine. Msiichukue kama kipimo cha Goba.

Kiroboto wa Posta

Nakubali sasa. Ila nina moja: mnunuzi akishanunua deni si anaweza kumuuzia shemeji yake nyumba kwa 90 mnadani, halafu wakaiuza 150 wagawane? Hapo hesabu yako yote inakufa.

Msaga Hesabu

Sheria imeliona hilo. Kifungu cha 133 kinamtaka anayeuza atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa nyumba zinazofanana nayo sokoni, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa soko la 150, chini ya 112.5 au hapohapo umejitengenezea kesi. Mnunuzi anayepanga bei ya kununua deni akitegemea mchezo wa shemeji anaweka zuio ndani ya mpango wake mwenyewe.

MamaSinza

Kaka, kikao ni wiki ijayo. Tufanye nini cha maana kabla, ili bei ipande? Maana kusafisha mafaili kuna gharama pia.

Msaga Hesabu

Kuna gharama, ila angalieni inachorudisha. Tuchukue nyumba ileile ya Goba. Mkimpata mke wa mdaiwa akathibitisha kwa kiapo kwamba aliridhia, au mkapata ushahidi mzuri wa ziara ya wakati ule, njia ya nne inaondoka. Notisi ikitolewa upya kwa usahihi na wakili, kesi inashuka, tuseme kutoka 25 mpaka 15. Njia ya kwanza inapanda 35, ya pili 50. Mnunuzi yuleyule wa asilimia 30 kwa mwaka sasa anafika 84. Milioni 14 zaidi, kwa kazi ya wakili ya wiki chache na nauli ya kwenda kuongea na mama wa watu kwa adabu. Hakuna majadiliano ya mezani yatakayowapa 14.

Kwa hiyo ningeanza na ridhaa, kwenye mafaili yote manne. Halafu upekuzi mpya ofisi ya ardhi, kuona kama kuna zuio au rehani nyingine imeingia, na mlipe pango la ardhi lililobaki kama si kubwa, maana mnunuzi akilikuta atalikata mara mbili, moja kwa deni na moja kwa usumbufu.

Msiuze kapu. Faili lenye hati safi liuzwe peke yake. Lile lenye mkataba wa serikali ya mtaa liuzwe peke yake au msiliuze kabisa, mkae na mdaiwa mpate mlichopata. Mkichanganya, bei ya kapu inafuata faili bovu.

Msigawe nakala za mafaili hovyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mnunuzi asaini usiri kwanza, na hatua ya mwanzo mpeni muhtasari usio na majina: eneo, aina ya hati, deni la msingi, riba, tarehe ya malipo ya mwisho, hali ya kesi. Akionyesha nia ya kweli na amana, ndipo asome kila kitu.

Na muandike wazi kama mnauza kama lilivyo, au mnadhamini kwamba rehani ni halali. Ukidhamini unapata bei ya juu ila una deni la ahadi: rehani ikianguka unarudisha pesa. Kwa SACCOS yenye akiba za wanachama, mimi nisingedhamini kitu nisichokihakiki.

Kuna njia ya kati ambayo bodi nyingi hazijui. Mkiona mnapishana, ninyi 84 yeye 70, chukueni 60 taslimu leo na asilimia 40 ya chochote kitakachopatikana juu ya 100 baada ya gharama. Akipatana kwa 124, mnaongezewa 9.6. Mnada ukipita kwa 126, 10.4. Ikienda kesini na kuishia 111, 4.4, mtasubiri miaka. Inampunguzia yeye hofu, na inawapa ninyi sehemu ya jasho lake. Ila mkataba uandike anavyotoa hesabu za gharama, na risiti ziwe za kweli, la sivyo gharama zitakula kila kinachozidi 100.

Mgosi wa Kimara

Wageni je? Nina rafiki Dubai ana pesa anataka kuingia.

Msaga Hesabu

Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kupitia taratibu za uwekezaji. Kwenye deni lenye nyumba ya kuishi Goba, maana yake siku ya mnada hawezi kuichukua mwenyewe ikikosa mnunuzi. Mnunuzi raia ana hiyo njia ya kutokea, akizingatia masharti ya sheria. Kwa hiyo rafiki yako akate zaidi, au aingie na mtu wa hapa kwa mkataba wa kueleweka.

MamaSinza

La mwisho kaka, nisikuchoshe. Moja ya nyumba zetu iko Mbagala, na uani kuna makaburi mawili ya wazee wa familia. Mthamini hakuyaandika kabisa. Tupunguze asilimia ngapi?

Msaga Hesabu

Hakuna asilimia, dada. Badilisheni ile namba ya kwanza, thamani ya kuuza haraka. Rudini kwa mthamini, mwambieni aandike makaburi, na aeleze nyumba yenye makaburi Mbagala imeuzikaje. Kuna wanunuzi watajiondoa hapohapo. Kuna watakaokubali kama familia itaandika kwa mkono wake kwamba inaruhusiwa kuja kuzuru, na mipaka ya eneo hilo ikachorwa. Hilo ni la kumaliza sasa na wazee wakiwa hai na mdaiwa bado anapokea simu, maana likifika mnadani bila kuongelewa, ukoo wote utakuja, na mahakama itawasikiliza.

Na huyo mthamini aliyeruka makaburi, ile namba yake nyingine ya eneo la kiwanja ikaguliwe pia. Nitumie muhtasari bila majina, nitauangalia kabla ya kikao.